IMEKWISHA Nyeupe

Mama mkwe alikuwa amelala chali, sindano ya dripu mkononi, midomo imemkauka, na bado nguvu za kusema alikuwa nazo.

“Wewe ndiye uliyemwingiza mwanangu kwenye kazi ile,” alimwambia Cheche. “Leo wanamfukuza. Halafu unakuja kunisalimia na chupa.”

“Ni maji, mama. Nimeyachemsha.”

“Hebu yaweke huko.”

Cheche aliyaweka juu ya kabati dogo la chuma kando ya kitanda. Cheche halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wenzake kazini kwa sababu ya hasira zake, likamfuata mpaka nyumbani, na sasa hata mumewe alimwita hivyo. Asubuhi ile jina lilimfaa kuliko siku zote. Alikuwa anawaka tangu alipofungua macho.

Wodi ilikuwa imejaa. Watu walilala wawili wawili kwenye kitanda kimoja, na watoto walilazwa kwenye mikeka kule ukumbini, kila mmoja na ndoo yake. Wote walikuwa wameumwa tumbo moja, kwa maji ya bomba moja. Maji hayo yalitoka kwenye mtambo ambao Cheche alikuwa mwandishi wake wa programu za kompyuta, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa msimamizi wa chumba cha dawa. Kwa siku nzima na nusu ya siku ya pili, mji ulikunywa maji yasiyotiwa dawa. Hakufa mtu, tumshukuru Mungu. Lakini mji mzima ulikuwa umeshika tumbo, na mji ukishika tumbo lazima atafutwe mtu wa kuangushiwa jumba bovu. Shemeji ndiye aliyekuwa amesimama karibu.

“Kikao cha bodi ni saa nne,” Cheche alisema. “Nitasema ukweli.”

“Ukweli!” Mama mkwe aligeuza uso ukutani. “Ukweli haulipi kodi ya mtu. Sikiliza, mwanangu. Yule ni kitinda mimba wangu. Hajawahi kuchukua cha mtu, hajawahi kulewa kazini. Wakimtoa pale kwa jina la mzembe aliyenywesha watu uchafu, nani atampa kazi tena katika mji huu? Ukitoka huko usije kuniambia ulijitahidi. Njoo uniambie amerudi kazini. Vinginevyo usije.”

Mkwe ni mkwe, na mgonjwa ni mgonjwa. Cheche aliinama, akamtengenezea shuka miguuni, akatoka huku meno ameyauma. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kile kizee kilikuwa na haki.

Sasa, ili mtu asije akamlaumu asiyestahili, kama walivyofanya wengine, ni vizuri ielezwe programu yenyewe ilivyokuwa.

Haikuwa programu ya picha na vitufe. Ilikuwa dirisha jeusi tu kwenye skrini ndogo ya mashine kuukuu, ile ambayo idara nyingine zote zilikuwa zimeikataa. Kila asubuhi na kila alasiri shemeji aliingia chumba cha dawa, akaandika amri moja, “tia”, akabonyeza. Programu ikafungua pampu, dawa ikateremka kutoka kwenye tangi ikachanganyika na maji, halafu neno moja likatokea kwenye skrini.

Neno lenyewe lilikuwa IMEKWISHA.

Likitokea kwa maandishi ya kijani, maana yake kazi imekwisha: dawa imeingia, nenda kanywe chai. Likitokea jekundu, maana yake dawa imekwisha: tangi ni tupu, kimbia kabadilishe pipa. Kazi ni ngeli ile ile ya dawa. Kazi imekwisha, dawa imekwisha. Cheche aliliandika la kijani siku ya kwanza. Lile jekundu aliliandika miezi mingi baadaye, akiwa na mambo mengine mia kichwani, na Meneja wa mtambo amemsimamia kisogoni akisema skrini ni ndogo, sentensi zinakatika, weka neno moja moja. Akaweka neno moja. Hakuona ubaya, maana rangi zilikuwepo. Nani asiyejua nyekundu na kijani? Hata mtoto anayevuka barabara anajua.

Na kwa muda mrefu mambo yalikwenda salama. Shemeji alizifurahia zile rangi kupita kiasi. Alikuwa na utani mwingi na mke wa kaka yake, kama ilivyo ada ya mashemeji, na kila walipokutana getini alikuwa anamkagua uso.

“Shemeji, leo umeamka kijani au nyekundu?”

“Nyekundu. Pita mbali.”

“Basi nikabadilishe pipa!”

Na kweli alikuwa anakimbia, bakuli lake la chakula cha mchana likigonga mguuni. Mtu mzima na ndevu zake.

Tatizo lilianzia kwenye printa. Cheche alikuwa ameipa programu machaguo matatu ya rangi. La kwanza “daima”, yaani paka rangi kila wakati. La pili “kamwe”, usipake hata mara moja. La tatu “yenyewe”, yaani programu itazame inakoandika: ikiwa ni skrini ipake, ikiwa ni karatasi au faili iache. Hilo la tatu ndilo la watu wenye akili zao. Lakini ile mashine kuukuu ilikuwa bubu. Programu ikiiuliza wewe ni skrini, haijibu, na programu inadhani inaandikia karatasi. Kwa hiyo Cheche aliweka “daima” mpaka atakapopata nafasi ya kuishughulikia, na kwenye chumba cha dawa rangi zikawaka vizuri.

Kwenye ripoti, balaa. Rangi za dirisha jeusi hazitoki hewani. Ni alama ndogo zinazoandikwa kabla ya neno na baada yake, na skrini inazisoma kimyakimya kisha inazificha. Karatasi haijui kuficha kitu. Siku wajumbe wa bodi walipokuja kutembelea mtambo, Meneja aliwagawia ripoti nzuri yenye jalada la bluu, na ndani yake kila mstari ulisomeka hivi: [32mIMEKWISHA[0m. Ukurasa mzima, mabano na namba na herufi zisizo na kichwa wala miguu. Mwenyekiti wa bodi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Hii ni lugha gani, Meneja?”

Watu walicheka. Meneja hakusahau kicheko kile. Kuna watu ukiwapiga kofi watakusamehe, lakini wakichekwa kwa ajili yako umejichimbia kaburi.

Alimwita Cheche siku hiyo hiyo. “Ondoa hayo marangirangi yako. Hapa ni kazini, si harusini.”

“Nitayatengeneza. Lakini usiguse mpangilio wa rangi mpaka nibadilishe maneno kwanza. Neno ni moja kwa mambo mawili. Rangi ikitoka, hayatofautiki.”

“Sawa.”

Alisema sawa. Alisema sawa kwa mdomo wake mwenyewe, na huku anasaini karatasi nyingine. Siku iliyofuata mtoto wa Cheche akapandwa na homa, Cheche akaomba ruhusa, akabaki nyumbani anamkanda kwa maji. Meneja akafungua ule mpangilio mwenyewe, akafuta “daima”, akaandika “kamwe”. Neno moja tu, baadaye alijisifu. Neno moja, na wataalamu wanakufanya uamini ni kazi ya wiki.

Shemeji alipoandika “tia” asubuhi ile, neno lilitokea jeupe. Hakuwa mjinga. Alipanda ngazi mpaka ofisini kwa Meneja, akagonga mlango.

“Bosi, maandishi yamekuwa meupe.”

“Nimeyafanya mimi. Wewe soma neno. Tumekuajiri usome, hatukukuajiri utazame rangi.”

Akarudi, akasoma neno. IMEKWISHA. Lilikuwa linamwambia hivyo kila siku, na karibu kila siku lilimaanisha kazi. Akaenda kunywa chai. Alasiri akaandika tena, neno likatokea tena, akaenda tena kunywa chai. Kile kioo cha pembeni mwa tangi, ambacho mtu angetazama akaona dawa ipo au haipo, kilikuwa kimepasuka tangu zamani, na kila shemeji alipokumbusha aliambiwa programu inatosha. Tangi lilikuwa tupu kabisa. Pampu ilikuwa inavuta hewa, na programu, maskini ya Mungu, ilikuwa inapiga kelele kwa rangi ambayo imenyang’anywa.

Huo ndio ukweli wenyewe. Cheche alitembea nao kutoka hospitali mpaka kazini, na kila alipoukumbuka ile “sawa” ilimpanda kooni kama nyongo.

Meneja alikuwa anamngoja kwenye ujia, nje ya chumba cha mikutano. Alikuwa amevaa tai na amejipulizia manukato mengi.

“Mama yangu, fundi wetu,” alisema kwa sauti laini. “Mtaalamu wetu wa kutegemewa. Mtoto amepona?”

Kilemba cha ukoka hicho. Cheche alikiona kinavyokuja, akakiacha kianguke.

“Amepona. Unataka nini?”

Meneja alitazama kushoto na kulia. “Utaulizwa swali moja tu. Je, programu ilikosea? Jibu lake ni hapana. Si kweli kwamba haikukosea?”

Hapo ndipo palipokuwa na sumu. Programu kweli haikukosea. Tangi lilikuwa tupu, ikasema imekwisha.

“Ukisema haikukosea,” Meneja aliendelea, “umesema kweli, na wewe unaendelea na kazi yako. Ukisema ilikosea, nani aliyeiandika? Shemeji yako ataondoka vyovyote vile. Usiondoke naye. Mna watoto.”

“Wewe ulisema sawa.”

“Nilisema sawa gani?”

“Nilikuambia usiguse mpangilio. Ukasema sawa.”

“Aa,” Meneja alisema, akajitia hamnazo, akarekebisha tai. “Sikumbuki. Mimi huwa nasema sawa mara nyingi.”

Cheche alikunja ngumi, akazificha ndani ya mikunjo ya gauni. Alitamani kumshika ile tai amzungushe nayo ujia mzima. Watu husema hasira hasara, na ni kweli, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kusimama mbele ya mtu wa namna hii saa nne kasorobo asubuhi.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, maua ya plastiki yenye vumbi, na feni iliyokuwa inakwaruza kila ilipozunguka. Mwenyekiti wa bodi alikaa kichwani mwa meza, Meneja kulia kwake, na sekretari pembeni na kompyuta yake. Shemeji aliwekwa peke yake upande wa pili, kwenye kiti kisicho na mikono. Alikuwa amenyoa ndevu. Bila ndevu alionekana kama yule mvulana ambaye Cheche alimkuta siku alipoolewa, na hilo lilimwongezea hasira, kwamba wamemfanya mtu anyoe ndevu ili aaibishwe.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa taratibu. Alikohoa, akafungua kikao, akamuuliza shemeji.

“Siku ile, kwenye skrini, uliona nini?”

“Niliona imekwisha, mheshimiwa.”

“Ukafanya nini?”

“Nikaenda kunywa chai.”

Meneja aliguna kwa sauti ya kusikika. “Anaambiwa dawa imekwisha, anakwenda kunywa chai! Mheshimiwa, mimi sina la kuongeza. Imekwisha ni imekwisha. Ni Kiswahili cha darasa la kwanza. Kitu kikiwa hakipo tena, kimekwisha. Sukari imekwisha, mafuta yamekwisha. Mtu mzima anayeshindwa kuelewa neno imekwisha hafai kukabidhiwa afya za watu.”

“Mimi nilielewa kazi imekwisha,” shemeji alisema polepole. “Mimi nilidhani...”

“Hatukukuajiri udhani!”

Mwenyekiti aliinua mkono kuwanyamazisha. Alikuwa na nakala moja tu ya maelezo ya shemeji, akamtuma sekretari akawachapie wote, kila mtu asome mwenyewe. Sekretari akatoka. Feni ikakwaruza. Mwenyekiti akamgeukia Cheche.

“Wewe ndiye mwandishi wa programu. Swali ni moja. Programu ilikosea?”

Kila mtu alimtazama. Shemeji peke yake alitazama chini, na Cheche alijua kwa nini. Hakutaka jicho lake limwombe kitu. Hata pale, kwenye kiti kile, alikuwa anamwachia Cheche mlango wazi apite.

Alifungua mdomo. Hakujua litakalotoka. Kabla halijatoka, mlango ulifunguliwa, sekretari akasimama kizingitini.

“Samahani, mheshimiwa. Karatasi zimekwisha.”

“Vizuri,” alisema Mwenyekiti, akanyoosha mkono. “Tugawie.”

Wakati ule ule, kwa pumzi ile ile, Meneja aligeuka kwa ukali. “Zimekwishaje? Si kulikuwa na rimu nzima jana?”

Mkono wa Mwenyekiti ulibaki umenyooka hewani. Sekretari alimtazama huyu, akamtazama yule, asijue amjibu nani.

Cheche alicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilitoka kwa kishindo, kikamshtua mpaka mwenyewe.

“Mwenyekiti,” alisema, na sauti ilikuwa imeshapanda, hakuna tena wa kuishusha. “Mwenyekiti, umeelewa nini?”

“Nimeelewa nakala ziko tayari.”

“Na Meneja?”

Meneja alirekebisha tai.

“Meneja ameelewa karatasi hakuna! Watu wawili wakubwa, meza moja, neno moja, Kiswahili cha darasa la kwanza, na mmoja wenu amekosea sasa hivi mbele yangu! Dada, ni yupi?”

Sekretari alimeza mate. “Zimeisha kabisa. Printa imebaki tupu.”

“Basi Mwenyekiti ndiye aliyekosea. Mheshimiwa, na wewe utanyolewa ndevu?”

“Cheche!” Meneja alifoka.

“Niache nimalize! Wewe sawa zako nyingi, leo sikiliza zangu.” Alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake, naye hakukiokota. “Mheshimiwa, kwenye skrini ile neno ni hilo hilo kwa mambo mawili. La kijani ni kazi, jekundu ni dawa. Huyu aliziondoa rangi. Nilimwambia asiziondoe kabla sijabadilisha maneno, akasema sawa, nikageuka kumuuguza mtoto, akaziondoa. Shemeji alipoona neno limekuwa jeupe alikwenda kumuuliza. Alikwenda! Alipanda ngazi kumuuliza! Akaambiwa soma neno. Amelisoma. Mlitaka afanye nini zaidi, alinuse?”

“Nilitoa rangi kwa sababu zilituaibisha,” Meneja alisema. Hakukana, na hata aibu hakuwa nayo. “Rangi ni urembo. Mtu mzima anasoma maneno.”

“Na kumbe neno halisomeki!” Cheche alipiga meza, maua ya plastiki yakaruka. “Mama yangu mkwe yuko kwenye dripu kwa sababu ya huo urembo!”

Mwenyekiti hakukasirika. Alimwashiria sekretari akae, akavua miwani yake, akaitazama kana kwamba jibu limeandikwa pale. Alikuwa ameaibika kidogo, na mtu mwenye haki akiaibika huwa mwangalifu.

“Nimeelewa,” alisema. “Kijana huyu hakufanya uzembe. Alisoma neno kama nilivyolisoma mimi sasa hivi. Atarudi kazini kwake.” Kisha akamtazama Cheche moja kwa moja. “Lakini nikuulize jambo moja. Nani aliyeandika neno moja kwa mambo mawili?”

Feni ilizunguka, ikakwaruza, ikazunguka. Meneja akajiegemeza kwenye kiti. Alikuwa anatabasamu.

Cheche angeweza kusema alisimamiwa kisogoni. Angeweza kusema skrini ilikuwa ndogo. Yote yalikuwa kweli, na yote yalimjia ulimini yakiwa yamepangwa tayari. Lakini alikuwa amechoka na watu wanaosema kweli ili wajifiche nyuma yake.

“Mimi,” alisema. “Niliziamini rangi.”

“Basi programu ilikosea.”

“Ilikosea. Niliikosesha mimi, na huyu akaimalizia. Andika wote wawili.”

Sekretari aliandika. Kama aliandika wote wawili, Cheche hakujua, kwa sababu aliambiwa asubiri nje. Alisubiri kwenye ujia mpaka miguu ikafa ganzi. Mlango ulipofunguliwa, Meneja alitoka wa kwanza akapita bila kumtazama, akiwa na kazi yake, tai yake na manukato yake. Alikuwa ameagizwa asimamie kubadilishwa kwa maneno yote ya programu, ndiyo adhabu aliyopewa. Cheche yeye alipewa barua. Alisimamishwa kazi mpaka uchunguzi utakapomalizika, na kwa jinsi Mwenyekiti alivyompa mkono, mkono mrefu wa kuagana, alielewa uchunguzi ule utaishia wapi.

Alikunja barua mara nne, akaitia kwenye mkoba. Alishuka ngazi. Alipita mbele ya chumba cha dawa, na mlango ulikuwa wazi. Pale kwenye skrini palikuwa na dirisha jeusi na amri ya mwisho ya mtu aliyekuwa akishika zamu ya shemeji. Chini yake neno. Jeupe bado. Hakuna aliyekuwa amerudisha rangi. Mji umelazwa wodini, wamekaa vikao, wamenyoa watu ndevu, na hakuna mtu mmoja aliyeshuka ngazi kuja kufuta lile neno “kamwe”.

Cheche aliingia. Hakuwa na ruhusa tena ya kugusa mashine ile. Alivuta kibodi, akafungua programu, akatafuta IMEKWISHA mahali pote pawili. La kwanza akalifuta, akaandika: DAWA IMEINGIA. La pili akalifuta, akaandika: TANGI TUPU. Yalienea kwenye skrini bila kukatika. Yangeenea siku zote. Hilo lilimtia hasira kuliko yote, kwamba yalikuwa yanaenea, na kwamba siku ile alipoambiwa aweke neno moja hakujaribu hata kupima. Alihifadhi, akafunga, akatoka.

Shemeji alikuwa getini, amesimama kwenye jua. Hakuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kazi. Alikuwa anajikuna kidevu kilichonyolewa.

“Wameniambia,” alisema. “Shemeji, ulikuwa huna haja. Ungesema haikukosea, ungebaki.”

“Nikabaki na nani?”

“Na kazi.”

“Nenda kamwambie mama umerudishwa kazini. Nenda wewe mwenyewe, mimi aliniambia nisije bila wewe.”

“Twende wote.”

“Nitakuja. Kwanza nipumue.”

Alikaa kwenye ukingo wa saruji kando ya geti, mkoba magotini. Magari yalipita, vumbi likapanda, likashuka. Upande wa pili wa barabara mwanamke alifungulia bomba la nje ya duka akajaza ndoo, akainama akanusa maji, akatazama pembeni kama kuna mtu anayemwona, kisha akayamwaga. Cheche alimtazama mpaka alipoingia ndani. Uso wa Cheche mwenyewe ulikuwa umetulia. Ngumi zilikuwa zimefunguka juu ya mkoba.

Shemeji alisimama pale pale, hajui akae au aondoke. Mwisho akajaribu utani, maana ndio uliobaki.

“Shemeji. Hasira zimekwisha?”

“Zimekwisha.”

Shemeji alimtazama usoni. Alitafuta rangi, hakuiona. Safari hii hakwenda kunywa chai. Alikaa kando yake kwenye ukingo wa saruji, akamuuliza tena.